Mlango wa Kilima cha Budo: Shule Kongwe na Nafasi ya Msichana Darasani

Mazungumzo kwa wazazi, wajumbe wa bodi za shule na wakazi wa kata. Yanachapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mada ya leo ni shule moja iliyo nje ya mipaka ya Tanzania. Huenda mtu akauliza: katika mkutano wa kata, mahali ambapo ajenda ni matofali, madawati na chakula cha mchana cha wanafunzi, habari za shule ya Uganda zina faida gani? Faida yake ni hii. Shule nyingi za sekondari za kata zilijengwa kati ya mwaka 2004 na 2009, katika awamu ya kwanza ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES. Kwa umri wa shule, hizo bado ni changa. King's College Budo imekwisha kuvuka miaka 100. Mambo yanayozisumbua shule za kata leo, Budo iliyakuta zamani: kuwapokea wasichana mahali palipojengwa kwa ajili ya wavulana, kuwalea watoto wa dini mbalimbali chini ya misingi ya dini moja, kukosana na wanafunzi wake yenyewe, na hata kuwazika. Anayetaka kuijua njia humwuliza aliyetangulia kuipita.

Hoja ya mazungumzo haya ni moja. Kumwandikisha msichana shuleni ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake. Kila haki anayopewa kwa maneno hudai kitu kinachojengwa, kinachonunuliwa au kinacholindwa. Na mara nyingi kitu hicho kimo mikononi mwa wakazi wa kata wenyewe.

Shule iliyoanza na wavulana 21

Budo iko katika wilaya ya Wakiso, kusini-magharibi mwa Kampala, juu ya kilima cha Naggalabi. Kilima hicho ni mahali pa heshima kubwa kwa Waganda, kwa kuwa ndipo Kabaka anaposimikwa. Shule ilifunguliwa hapo tarehe 29 Machi 1906 na wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS, ikiwa na wavulana 21. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Kasisi H. W. Weatherhead. Shabaha ilikuwa kuwaandaa vijana wa kiume, hasa wa nyumba za machifu, kwa kazi za uongozi. Kabaka Daudi Chwa alisoma hapo, na mwanawe Muteesa II, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Uganda, alisoma hapo pia.

Misingi ya shule ilikuwa ya Kiprotestanti, na haikufichwa. Palikuwa na ibada, palikuwa na Biblia, na palikuwa na fundisho kwamba mwenye kuelimishwa ana deni la kuwatumikia wenzake. Wito wa shule uliandikwa kwa Kiganda: *Gakyali Mabaga*. Maana yake ni kwamba huu bado ni mwanzo tu. Yaliyofanyika ni machache, na yaliyobaki ni mengi. Kwa taasisi inayokaa juu ya kilima cha wafalme, hayo ni maneno ya unyenyekevu.

Wasichana hawakuwemo katika mpango huo wa mwanzo. Wao walikuwa na shule yao huko Gayaza, iliyofunguliwa na chama hicho hicho cha CMS mwaka 1905, mwaka mmoja kabla ya Budo. Kwa miaka zaidi ya 20 utaratibu ulikuwa huo: kaka akienda Budo, dada akienda Gayaza. Hakuna aliyesema msichana asisome. Kilichokuwa kikipimwa ni kiasi cha elimu kinachomfaa, na kipimo hicho kilikuwa kifupi kuliko cha kaka yake.

Uamuzi wa miaka ya 1930

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Budo ikiwa chini ya mkuu wake Canon H. M. Grace, wasichana walianza kupokewa. Shule ya bweni inayowachanganya wavulana na wasichana ilikuwa jambo la nadra katika Afrika Mashariki ya wakati ule. Grace mwenyewe baadaye alikwenda kuongoza Chuo cha Achimota, katika nchi inayoitwa Ghana leo, ambacho nacho kiliwapokea wavulana na wasichana kwa pamoja.

Hofu ambazo uamuzi wa namna hiyo huziamsha hazihitaji kuelezwa kwa muda mrefu, kwa sababu zingali zinasikika katika mikutano ya wazazi hata leo. Je, maadili yatalindwaje? Je, wavulana hawatapoteza umakini? Je, si afadhali msichana akae karibu na mama yake? Hofu hizo si za kipumbavu. Mzazi anayeuliza hivyo anauliza kwa kuwa anampenda mtoto wake. Lakini kuna njia mbili za kuijibu hofu. Ya kwanza ni kumrudisha msichana nyumbani. Ya pili ni kujenga kile kinachokosekana: bweni lake, choo chake, mlezi wa kike anayeishi karibu naye, na kanuni zinazomlinda. Njia ya kwanza haina gharama ya fedha, ndiyo maana huchaguliwa upesi. Gharama yake hulipwa baadaye na msichana peke yake.

Binti wa Hoima

Ili kuona jinsi njia ya pili inavyozaa matunda, itazamwe safari ya mwanafunzi mmoja. Sarah Nyendwoha alizaliwa mwaka 1926 huko Hoima, katika Bunyoro. Alisoma shule ya wasichana ya Duhaga, kisha akaenda Budo. Kutoka Budo aliingia Chuo cha Makerere, ambacho kilianza kuwapokea wanawake mwaka 1945. Kabla ya hapo, wito wa Makerere ulikuwa unasema, kwa tafsiri ya Kiswahili, "Na tuwe wanaume." Walipoingia wanawake ikabidi wito ubadilishwe, ukawa "Tunajenga kwa ajili ya wakati ujao." Maneno ya ukutani yalibadilika upesi. Mambo mengine yalichelewa. Sarah alitaka kusoma hisabati, lakini mwalimu wa somo hilo hakukubali kumfundisha mwanamke, naye akalazimika kuchagua masomo mengine.

Hakuishia hapo. Alikwenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na mwaka 1954 alihitimu shahada katika historia. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi Uganda kufundisha, aligundua kwamba mshahara aliopangiwa ulikuwa mdogo kuliko wa mwanaume mwenye sifa kama zake. Aliukataa. Alisema yu tayari kufundisha bila malipo kuliko kupokea malipo yanayomdharau, na serikali ikalazimika kulirekebisha jambo hilo.

Wakazi wa Kilimanjaro wana sababu yao ya kulikumbuka jina lake. Aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji mashuhuri aliyezaliwa Machame, ambaye baada ya uhuru alikuwa Balozi wa Tanganyika mjini London. Ndiyo maana vitabu vinamtaja kama Sarah Ntiro. Alifariki mwaka 2018.

Katika safari hiyo jambo la kuangaliwa ni idadi ya milango. Budo ilifungua mmoja. Makerere ilifungua wa pili, na palepale darasa la hisabati likafungwa. Oxford ukafunguka, na ofisi ya mishahara ikafunga. Msichana hodari sana aliipita yote. Lakini huduma ya umma haipangwi kwa kumtegemea hodari mmoja kati ya elfu. Hupangwa ili msichana wa kawaida, mwenye bidii ya kawaida na wazazi wa kawaida, aweze kupita bila kuvunja mlango.

Dini ya mwanzilishi na dini za watoto

Kuna jambo jingine katika historia ya Budo linalostahili kusemwa kwa uwazi mbele ya wazazi Waislamu na Wakristo walioketi pamoja. Yusuf Lule alizaliwa katika familia ya Kiislamu. Alisoma Budo, na katika miaka yake ya shule akaingia Ukristo. Baadaye alikuwa msomi mkubwa, na mwaka 1979, katika mkutano wa Waganda uliofanyika Moshi mwezi Machi, alichaguliwa kuongoza chama kilichochukua madaraka baada ya kuanguka kwa Idi Amin. Alikuwa Rais wa Uganda kwa muda wa miezi miwili na siku chache, akafuatiwa na Godfrey Binaisa, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Budo.

Mkristo anaweza kuisoma habari ya Lule kwa furaha. Mzazi wa Kiislamu anaweza kuisoma kwa wasiwasi, akajiuliza kama mwanawe anapelekwa shule kuelimishwa au kubadilishwa. Wasiwasi huo ulizuia watoto wengi wa Kiislamu wasiende shule za misheni katika pwani na bara, na athari zake zilidumu kwa vizazi. Shule yenye misingi ya dini ina haki ya kuwa na misingi yake. Lakini pale shule inapokuwa ndiyo pekee katika eneo, misingi ya mwanzilishi na haki ya mzazi hukutana mlangoni, na lazima pawe na utaratibu unaoeleweka.

Uganda na Tanzania zililijibu swali hilo kwa njia zinazokaribiana. Nchini Uganda, kuanzia mwaka 1963, serikali ilichukua usimamizi wa shule za makanisa zilizopata ruzuku yake. Kanisa likabaki kama mwanzilishi, lenye sauti katika bodi na katika malezi ya shule. Budo iko katika utaratibu huo hadi leo: serikali huisaidia, na misingi ya Kianglikana imebaki. Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za mashirika ya dini zilitaifishwa, na mtoto akachaguliwa kuingia bila kuulizwa dini yake.

Shule za kata ni mali ya wananchi tangu msingi wake wa kwanza. Zilijengwa kwa mchanga uliobebwa na Waislamu na kwa mawe yaliyobebwa na Wakristo. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Kwa hiyo vipindi vya dini vipangwe kwa haki, hijabu iheshimiwe, na chakula cha shule kipikwe kwa namna ambayo hakuna mtoto atakayelazimika kukaa na njaa kwa ajili ya imani yake. Lile ambalo shule ya kata inaweza kulichukua Budo bila kuchukua dini ya Budo ni fundisho la deni la utumishi. Hilo Mwislamu na Mkristo wanalikubali sawasawa.

Siku mbaya za shule nzuri

Jina kubwa halizuii balaa. Mwaka 1942 palitokea ghasia kubwa Budo. Shule ikafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao, na tume ikaundwa kuchunguza. Wanafunzi wa shule iliyokusudiwa kuzaa viongozi watiifu walikuwa wameacha kuamini kwamba wakubwa wao wanawasikiliza. Mwaka 1984 bweni moja liliungua, na wanafunzi wakafa motoni.

Hapa Kilimanjaro hakuna anayehitaji kukumbushwa habari ya moto kutoka Uganda. Usiku mmoja wa mwezi Juni 1994, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, liliteketea, na wasichana zaidi ya 40 walipoteza maisha. Wengi wao wangekuwa mama na bibi wa watoto waliomo madarasani leo.

Inasemwa mara nyingi kwamba bweni ndilo jibu la tatizo la msichana anayetembea mwendo mrefu kwenda shule, na ni kweli. Njiani hukutana na mvua, giza na watu wenye nia mbaya. Lakini bweni linalojengwa kwa haraka, lenye mlango mmoja na nondo zisizofunguka, humtoa msichana katika hatari moja na kumweka katika nyingine. Kila kamati ya ujenzi inayochangisha fedha za bweni katika wilaya hii iweke mambo yafuatayo katika makadirio tangu siku ya kwanza, wala isiyaache yawe ya kuongezwa fedha zikibaki:

- Kila bweni liwe na milango miwili au zaidi, inayofunguka kwa nje, na isifungwe kwa kufuli kutoka nje usiku.
- Angalau baadhi ya madirisha yawe na nondo zinazofunguka kutoka ndani.
- Nyaya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni, na mishumaa na vibatari visiruhusiwe ndani.
- Vitanda viachiwe nafasi ya kupita, na idadi ya wanaolala isizidi ile iliyopangwa.
- Vizima moto na ndoo za mchanga viwe mahali panapojulikana, na wanafunzi wafanye zoezi la kutoka nje angalau kila muhula.
- Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, ibandikwe mlangoni.

Yaliyo mikononi mwa kata

Elimu bila ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne ilianza Januari 2016, na mwaka 2022 ikafikia kidato cha tano na cha sita. Huo ni mlango mpana. Hata hivyo mzazi yeyote anajua kwamba ada haikuwa gharama pekee. Kuna sare, daftari, chakula cha mchana, na kwa msichana kuna taulo za kike. Msichana anayekosa shule siku kadhaa za kila mwezi kwa kukosa taulo na maji ya kunawa hupoteza wiki nyingi kwa mwaka, na mwisho huambiwa kwamba hana akili. Choo chenye mlango unaofungwa, maji, na mahali pa kutupia taulo zilizotumika vinaweza kugharimu kidogo kuliko darasa jipya. Hilo Kamati ya Maendeleo ya Kata inaweza kuliamua katika kikao kimoja.

Michango ya wazazi kwa chakula na ujenzi ni jambo jema linapokubaliwa kwa hiari na kusimamiwa kwa uwazi. Miongozo ya elimu bila ada hairuhusu mtoto arudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Ndipo mahali pa kuuliza kiasi kilichochangwa, kilichotumika na kilichobaki. Kuuliza si utovu wa adabu. Kiongozi mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa kuwa swali humpa nafasi ya kuonyesha kazi yake.

Tangu Novemba 2021, mwanafunzi aliyekatisha masomo, pamoja na yule aliyejifungua, anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Ruhusa hiyo haitamfaa kitu kama nyumbani ataambiwa kwamba ameaibisha ukoo, na shuleni ataketi peke yake. Wazazi wamrudishe, walimu wampokee, na mtoto wake apate wa kumlea saa za masomo. Na aliyempa mimba mwanafunzi asifichwe kwa vikao vya ukoo na mbuzi wa faini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa kosa hilo. Taarifa zipelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au kwa simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Mwisho, bodi za shule zisikutane siku ya mahafali peke yake. Ghasia za Budo za mwaka 1942 zilikuwa na muda wa kuiva kabla ya kuchemka, na ndivyo ilivyo kwa migomo yote ya shule. Bodi inayokula chakula cha wanafunzi mara moja kwa muhula, inayoingia bwenini mchana na kuhesabu milango, na inayowaita viranja wa kike na wa kiume kuzungumza bila mwalimu kuwasimamia, itayajua matatizo yakiwa bado madogo.

Ndugu wananchi, Budo ilichukua zaidi ya miaka 20 kumfungulia mlango msichana wa kwanza. Shule za kata zilianza na mlango huo ukiwa wazi, na katika jambo hilo zimeitangulia shule ya wafalme. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba msichana anayeingia kidato cha kwanza Januari anaonekana katika orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne, akiwa hai, mwenye afya na asiye na hofu. Orodha hizo mbili zipo katika kila shule. Kila mzazi ana haki ya kumwomba mkuu wa shule aziweke mezani pamoja, jina kwa jina, na kuuliza habari za yule ambaye jina lake halionekani katika ya pili.